Jembe Ubavuni mwa Ndege

"Hiki ni nini?"

Mama yake Fransiska aliuliza amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Kwa jinsi alivyolitamka lile "hiki" ungedhani paka amemletea panya aliyekufa.

Pale uani, juu ya mkeka ambao Fransiska aliufagia asubuhi hadi ukaanza kufumuka, alikuwa amesimama ndege wa mti.

"Ni korongo, mama," alijibu Theodory.

"Korongo nawajua. Wanatembea mbugani bure, hata posa hawadai. Nimeuliza, hiki ni nini?"

Fransiska alikuwa amepiga magoti kando ya chungu cha togwa. Aliinamisha uso zaidi. Alimtazama yule ndege kwa jicho la pembeni, kama alivyozoea kumtazama aliyemchonga. Mwili ulikuwa mzizi wa mninga uliojipinda wenyewe huko ardhini. Theodory hakuulazimisha, aliufuata tu kwa tezo lake mpaka shingo ikatokea. Taji la kichwani lilikuwa nyuzi za katani. Macho yalikuwa mbegu za mgomba-mwitu, nyeusi, zinazong'aa. Miguu ya mwanzi ilisimama juu ya bonge la mavi ya chuma, yale mabaki yaliyozagaa karibu na matanuru ya wazee wa kale. Ilikuwa ajabu jinsi kitu kizito namna ile kilivyoonekana kama kinataka kuruka.

Upande wa pili wa ndege Fransiska hakuuona. Theodory alikuwa amemgeuza kwa makusudi, ubavu wa kushoto uelekee ukutani, kwa kuwa zawadi yenyewe ilikuwa ubavuni humo. Ilikuwa kazi ya mshenga kumzungusha wakati wa maneno ukifika.

Mshenga alikuwa Mzee Adolfu, mjomba wake Theodory, mtu wa Kaengesa mwenye maneno mengi kuliko meno.

"Dada yangu Kristiana," alianza, akipiga makofi ya adabu, "tumekuja kwa heshima. Kijana wetu ameona ua katika nyumba hii..."

"Na akaliletea kinyago," Mama Fransiska alimalizia. "Karibuni. Kaeni. Togwa ipo, hatuwanyimi hata wachonga ndege."

Kiti kilikuwa kimoja, na alikikalia Dominiko, baba yake Fransiska, nyapara wa barabara. Alikalia kiti hicho kama mzungu anayepigwa picha, mguu juu ya mguu, na kichwani kofia ya pama ya kijivu. Hakuivua ndani wala nje. Kwa maneno yake mwenyewe, Bwana Barabara, mzungu wake wa kazi, alimvisha kwa mikono yake, mbele ya vibarua wote, akisema, "Dominiko, huwezi kusimamia watu kichwa wazi." Kila mtu pale kijijini Pito alikwishaisikia habari hiyo. Wengine waliisikia hata walipojaribu kukimbia.

"Kijana," alisema Dominiko, "unafanya kazi gani?"

"Nachonga, baba."

"Nimekuuliza kazi, sikukuuliza michezo."

"Nachonga, baba. Mapadre wamenipa milango ya kanisa. Na mke wa Bwana Shauri kule Boma aliniomba nimuuzie huyu korongo. Nikamwambia ana mwenyewe."

"Mnasikia?" Dominiko aliigeukia miti na kuku. "Mtu mzima, mikono yote miwili, anashinda msituni akibembeleza mizizi! Mzungu anataka kununua, yeye anakataa! Polikarp, karani wa Boma, analala chini ya bati. Bati, Fransiska! Mvua ikinyesha unaisikia kama ngoma. Huyu atakulaza wapi? Ndani ya tumbo la korongo?"

Fransiska alitaka kusema kwamba Polikarp alimsalimia kila Jumapili bila kumtazama, kama mtu anayepiga mhuri. Alitaka kusema kwamba Theodory, alipokuwa akitengeneza milango ya kanisa, alimkuta yeye nyuma ya darasa alimofundisha watoto, akilia kwa sababu mtoto mmoja alimcheka. Hakumwuliza analia nini. Aliokota ganda la hindi na kijiti, akakunja-kunja, akamwachia kerengende kwenye dirisha, akaenda zake. Yule kerengende bado alikuwa ndani ya sanduku lake, katikati ya nguo za Pasaka. Alitaka kusema hayo yote. Akajaza kata ya togwa, akampelekea mgeni.

Theodory aliipokea kwa mikono miwili. Vidole vyao viligusana upande wa chini wa kata, mahali ambapo hakuna aliyeona.

"Na wewe," mama yake alimwambia, "usimwage. Una mdomo wa samaki, basi angalau uwe na mikono ya mtu."

"Ndiyo, mama."

Mzee Adolfu aliona mambo yanaharibika kabla hayajaanza. Akasimama.

"Jamani, hamjauona ubavu! Zawadi iko ubavuni! Kijana alifikiri hivi: Dada Kristiana ni mjukuu wa wahunzi. Huwezi kumpelekea mjukuu wa wahunzi jembe la dukani, lile la Uingereza, jepesi kama kifuniko cha sufuria. Akatafuta jembe la kwetu, la chuma cha matanuru yetu wenyewe. Akalipachika kwa ndege kama bawa. Tazameni sasa..."

"Hapana," alisema Dominiko.

Alilisema ghafla mno. Alikuwa ameinama kuchukua togwa yake, na kutoka pale kitini, kwa mara ya kwanza, jicho lake lilipenya kati ya ndege na ukuta. Mguu wake ulishuka kutoka juu ya mguu mwingine.

"Hapana nini, baba?" aliuliza Adolfu.

"Msimzungushe. Mwondoeni. Nimekwisha kukataa, mambo ya ubavu ya nini? Chukueni takataka yenu mwende."

"Baba Fransiska," mkewe alimwambia, "unaogopa ndege wa mti?"

"Sitaki uchafu uani kwangu!"

"Mimi nataka kuuona. Nimedharau upande mmoja, nisidharau na wa pili?" Akashuka kizingitini, akamshika korongo shingoni kama mtu anayekamata kuku wa kuchinja, akamzungusha.

Jembe lilikuwa pana na jembamba kama jani, jeusi kwa ukale. Lilikaa ubavuni mwa ndege kana kwamba lilizaliwa hapo, mkia wake umezama ndani ya mninga. Karibu na shingo ya jembe palikuwa na alama iliyopigwa kwa patasi, mfano wa mwezi mchanga, na kando yake pengo dogo.

Mama Fransiska aliligusa lile pengo kwa kidole gumba. Kisha akaingia ndani, nao wakamsikia akipanda ngazi ya dari, akisukuma vikapu, akitupa gunia. Aliporudi alikuwa ameshika kipande cha nguo ya magome, kitupu, kimekunjwa katika umbo la kitu kisichokuwemo.

"Jembe langu," alisema.

Kwa watu wa kwao, wahunzi wa tangu zamani, jembe la posa halikulima. Mume alilipeleka kwa wazee wa mke. Wazee wakalipokea, na siku ya arusi wakamkabidhi binti yao alitunze mwenyewe. Maadamu lilikuwa darini kwake, alikuwa mke wa mtu. Siku mume atakapolitoa nje kwa mkono wake, amemrudisha kwao, hata kama hakufungua mdomo. Fransiska aliijua habari hiyo tangu utotoni, kama watoto wengine wanavyojua hadithi za sungura. Lile pengo lilitokana na jiwe alilogonga mjomba wake wa Muze, alipokuwa mdogo, akicheza kulima.

"Mwizi!" Dominiko alikwisha simama. "Si niliwaambia? Nilimtambua tangu alipoingia! Mwizi huyu! Ameingia darini kwangu, ameiba, halafu anatuletea mali yetu wenyewe kuwa posa! Una uso wewe? Una haya?"

Theodory alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka, kama inavyompasa mkwe. Aliinua uso kumtazama Dominiko, akafungua kinywa. Lakini macho yake yalisimama mahali fulani, chini ya ukingo wa ile kofia. Akafunga kinywa.

Fransiska aliyaona macho hayo. Yeye pia alikuwa akipiga magoti mbele ya baba yake kila siku kumpa maji ya kunawa, naye pia alikuwa amepaona mahali hapo.

"Kijana," alisema mama yake, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, jambo lililotisha zaidi, "umelipata wapi?"

"Mjini, mama. Dukani kwa Mzee Lukmani, kwenye vyuma chakavu."

"Nani alimpelekea Lukmani?"

Theodory alitazama mikono yake.

"Sijui, mama."

"Hajui!" Dominiko alicheka cheko la kukohoa. "Mwizi atajuaje? Mchonga mavi ya chuma wewe! Ndiyo maana hutaki kazi. Kazi unayo, ya usiku!"

"Sijaiba, baba."

"Basi ni nani? Sema! Sema mbele ya watu!"

Theodory hakusema.

"Litoe," Mama Fransiska alimwambia. "Sitaki maelezo. Litoe jembe langu kwenye hicho kitu chako."

"Mama, nililipachika mti ukiwa mbichi. Umekauka, umeling'ang'ania. Halitoki mpaka..."

"Mpaka nini?"

"Mpaka nimpasue."

"Basi mpasue. Au unamwonea huruma?" Alibetua mdomo. "Chuma cha babu yangu kimekaa ubavuni mwa mwanasesere, na mwenye mwanasesere anataka nimbembeleze."

Theodory aliinuka. Shoka la kuni lilikuwa limechomekwa kwenye gogo karibu na jiko la nje. Alilichomoa, akamlaza korongo kwenye mkeka taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia, akatafuta njia ya nyuzi za mti kwa kidole. Fransiska alifumba macho. Alisikia pigo moja, kavu, na harufu ya mninga ikajaa uani.

Alipofumbua, ndege alikuwa amefunguka nusu mbili, mwekundu ndani. Theodory alikuwa amepiga goti mbele ya mama yake, jembe kwenye viganja.

"Samahani, mama. Sikujua ni lako."

Mzee Adolfu alikuwa amevumilia kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo wake haukuwa mkubwa.

"Samahani ya nini?" alifoka. "Kazi ya masika yote mmeifanya kuni, na mnamwita mwizi! Nilikuwepo mimi kwa Lukmani! Alisema mwenyewe: jembe hili kaleta mtu, kabadilishana na kofia!"

"Mjomba, nyamaza!" alisema Theodory.

"Sinyamazi! Kofia, alisema!"

Kuku mmoja akapita. Macho yote, hata ya kuku ungedhani, yalipanda polepole hadi kichwani mwa Dominiko.

"Kofia zipo nyingi," Dominiko alisema. "Hii nilipewa na Bwana Barabara. Kwa mikono yake. Mbele ya vibarua..."

"Baba."

Ilikuwa sauti ndogo sana, hata Adolfu alifikiri imetoka nje ya ua. Fransiska alikuwa amesimama.

"Baba, naomba uvue kofia."

"Unasemaje?"

"Naomba uivue. Tafadhali. Umpe mama aitazame kwa ndani."

"Fransiska, mimi ni baba yako!"

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana nimenyamaza tangu mavuno." Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini hakuketi. "Nilijua umeitoa dukani. Nikafikiri unaona aibu kusema umevaa kofia iliyochekwa na watu. Nikakuonea huruma. Sikujua uliipata kwa kutoa nini. Sasa unamwita mwenzako mwizi, na mwenzako ameiona chini ya ukingo, na amekaa kimya kwa ajili yako."

Mama Fransiska hakungoja ivuliwe. Aliinyakua. Akaigeuza.

Kwa ndani, kwenye ukingo, palikuwa na kiraka cha kijani cha kitambaa kizito. Hapakuwa na mtu Sumbawanga asiyekijua kiraka kile. Panya waliitafuna kofia ile ikiwa bado dukani, Mzee Lukmani akaitia kiraka, akaitundika mlangoni. Ilining'inia hapo mpaka wateja wakaipa jina: kofia ya panya. Mama Fransiska mwenyewe aliicheka siku moja alipokwenda kununua chumvi.

Sasa hakucheka.

"Kofia ya panya," alisema. "Umeniuza kwa kofia ya panya."

"Mama Fransiska, nisikilize. Nilitaka kulirudisha. Vibarua walikuwa hawanisikii, nilisimama juani kichwa wazi kama..."

"Usiniite Mama Fransiska. Wewe ni nani?" Alimtazama kuanzia upara hadi viatu, na kurudi. "Jembe limetoka kwa mkono wako. Mimi nimerudishwa kwetu tangu mavuno ya ulezi, na sikuambiwa. Nimekuwa nikimpikia ugali mwanamume nisiyemjua. Loo! Nimemfulia mpaka soksi!"

"Tulifunga ndoa kanisani! Kaengesa! Padre yupo!"

"Padre alinivisha pete, na pete ninayo, hii hapa. Kwa Padre sina neno. Neno langu ni kwa wazee wangu. Nitawaambia nini? Nimebadilishwa na kiraka?" Akalifunga jembe ndani ya nguo ya magome, akamtupia Dominiko kifuani kwa namna ambayo ilimbidi alidake. "Kaka zangu wako Muze. Njia unaijua. Lipeleke, Bwana Dominiko. Piga magoti, upige makofi, useme umekuja kuposa. Wakikupokea, watalileta wenyewe. Wasipokupokea, nenda kamwoe Lukmani."

"Muze? Kushuka bonde lote lile? Na kupanda?"

"Kwani nilikuja hapa kwa ndege?"

Mzee Adolfu aliona nafasi, na hakuwa mtu wa kuiacha nafasi ipite njiani bila kuisalimia.

"Samahani, dada yangu. Na posa yetu je? Baba ametukataa."

"Baba yupi?" aliuliza Mama Fransiska. "Huyu? Huyu ni mchumba kama nyie. Mchumba hamkatai mchumba." Akamgeukia Theodory, na kwa mara ya kwanza akamtazama bila kubetua mdomo, ingawa hakuwa mbali na kuubetua. "Wewe mchonga ndege. Ulijua?"

"Niliiona kofia nilipokaa, mama."

"Na ukamwacha akutukane."

"Ni baba yake Fransiska."

"Mjinga," alisema Mama Fransiska. Alilisema polepole, kama anayeonja mchuzi. "Mjinga kabisa. Utamsindikiza, asije akalibadilisha tena njiani."

Akaingia ndani, na kofia mkononi.

Theodory alikwenda nyuma ya nyumba kurudisha shoka, na Fransiska akamfuata. Hakuwahi kumfuata mwanamume yeyote mahali popote. Mbele yao matuta ya ulezi yalishuka mfululizo hadi kwenye nyasi, na upepo wa Ufipa, ule usio na mti wa kuuzuia, ukampeperushia khanga.

"Ungesema," alimwambia.

Theodory aligeuka. Alikuwa bado hajaizoea sauti yake.

"Ungesema, Theodory! Amekuita mwizi. Ukakaa pale kama gunia. Ukachukua shoka ukampasua ndege wetu kwa ajili ya mtu aliyevaa uongo kichwani! Nimekudharau. Nakwambia kweli. Kwa muda ule nilikudharau kuliko nilivyomdharau baba."

"Ndege nitamchonga mwingine."

"Hatakuwa yule!"

"Hatakuwa yule. Lakini nitamchonga." Alifuta vumbi la mninga viganjani, bila haraka. "Ningesema, ungenitazama vipi kesho? Kila ukiniona ungeona siku niliyomvua baba yako nguo mbele yako. Mti naweza kuuchonga upya. Baba yako siwezi."

Hasira ya Fransiska ilikuwa bado imo, lakini ilikuwa imepoteza njia. Alikuwa ameshika nusu ya yule korongo, bila kukumbuka aliiokota lini, na ndani yake, mahali jembe lilipokuwa limelala, palibaki shimo laini lenye umbo la mkia wa jembe. Akaingiza vidole. Mti ulikuwa bado na unyevu kidogo huko ndani.

"Halafu mimi ndiye nikamvua," alisema.

"Ulimwomba avue. Ulisema tafadhali."

Alicheka. Hakutaka, lakini alicheka, na machozi yakaingia mdomoni. Theodory alimtazama akicheka, na safari hii Fransiska hakuinamisha uso. Alimwacha atazame mpaka yeye ndiye akaangusha macho.

"Kwenye mteremko wa kwenda Muze kuna mininga," alisema Theodory akiyaangalia matuta. "Nitarudi na mzizi. Na jembe. La dukani litanitosha safari hii."

"Lete lolote," alisema Fransiska. "Ila usilipachike popote."

"Wee, mchonga ndege!" Dominiko alikuwa akiita njiani, kichwa wazi, upara ukimeremeta juani, furushi la magome amelikumbatia kama mtoto mchanga. "Twende! Au unataka jua lituue?"

Theodory alikimbia. Wakaondoka wakifuatana, mkubwa mbele na mdogo nyuma, na Mzee Adolfu katikati akieleza jambo ambalo hakuna aliyelisikiliza.

Fransiska alisimama akiwatazama mpaka njia ilipowameza. Alipogeuka alimkuta mama yake shambani, kati ya matuta, akichomeka mti ardhini kwa nguvu. Juu ya mti aliivika kofia ya pama, akaisogeza kidogo upande, akarudi nyuma kuitazama.

"Mama, unafanya nini?"

"Ulezi unakomaa," alisema mama yake, bila kugeuka. "Hiyo itafukuza ndege."

Kisha akaiona ile nusu nyekundu ya korongo mkononi mwa binti yake, akasonya.

"Wa kwako usimwache nje. Atanyeshewa."